Wifi Mwenye Ufunguo wa Beo

Thoa alikuwa na miaka kumi na saba siku mama yake alipochomoa ufunguo wa shaba mkandani na kumtia mkononi mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo alikuwa Duyen, mke wa kaka yake Khiem, aliyeletwa pale Ben Say kutoka ng'ambo ya mto miaka mitatu nyuma. Alipofika hakujua kupika wali bila kuuunguza. Mara ngapi Thoa alikuwa amekwangua ukoko haraka haraka na kuutupia bata kabla mama hajaingia jikoni! Na leo, kwa kuwa alikuwa amezaa mtoto wa kiume na mtoto ametimiza mwaka, Duyen ndiye aliyeinama kwa mikono miwili kupokea ufunguo, huku Thoa amesimama mlangoni na ungo wa mchicha wa maji, hana wa kumtazama.

Ufunguo ule ulifungua uzio wa mianzi nyuma ya nyumba. Ndani kulikuwa na majaruba manne madogo, na juu ya maji ilielea beo. Ukiitazama, ni gugu la maji tu, kila kijimea hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, kimeshikana na mwenziwe mpaka maji yote yakafunikwa kijani. Lakini kila mkulima wa bonde lile alijua kwamba ukimwaga beo katika mpunga wako wakati wa baridi, ikatanda, kisha ikafa joto la mwezi wa nne likiingia, mpunga wako utanenepa kama uliotiwa samadi. Taabu yake ilikuwa kiangazi. Jua la mwezi wa sita liliiua, na iliyoponea jua ililiwa na viwavi. Ni nyumba tano tu, zote za Ben Say, zilizojua namna ya kuivusha kiangazi ikiwa hai. Baridi ikianza, watu walikuja kwa mitumbwi na mizega ya vikapu mabegani kuomba mbegu. Siri hiyo mama alimrithisha mke wa mwanawe. Binti hakurithishwa.

Jioni ile Thoa alimkuta mama yake uani anatafuna tambuu.

"Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Nani kasema umenikosea?"

"Huyu hata wali unamshinda. Mimi nimezaliwa na harufu ya majaruba yale puani. Nipe mimi."

Mama Khiem, maana ndivyo watu walivyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, alitema mate mekundu pembeni. "Wewe utaolewa."

"Na yeye si kaolewa?"

"Yeye kaolewa kuingia. Wewe utaolewa kutoka. Binti ni mtoto wa watu, Thoa. Nikikufundisha leo, kesho kijiji kizima cha mumeo kinajua, na kesho kutwa hakuna atakayekuja hapa na kikapu. Tutakula nini, uzio?"

"Basi nisiolewe."

"Ehee! Ukae hapa uote ndevu?" Mama akacheka, akampiga begani kwa upendo, na kwake yeye maneno yakawa yamekwisha.

Kwa Thoa ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Kila alfajiri alisikia komeo la uzio likivutwa, kisha ufagio wa mianzi ukichapa maji, chap, chap, chap. Duyen alitoka na suruali imelowa hadi magotini, mikono ina jivu, akaufunga uzio kwa ufunguo. Siku moja Thoa hakuvumilia. Alichukua kisu cha jikoni akatoboa tundu kwenye uzio, pale nyuma ya mgomba, akaweka jicho. Hakuona siri yoyote. Aliona mama yake na Duyen wamechutama pamoja majini, vichwa vimekaribiana, na mama anacheka. Anacheka mpaka meno yake yaliyotiwa rangi nyeusi yanaonekana yote. Thoa hakukumbuka lini mama aliwahi kucheka hivyo akiwa naye. Akaondoka pale, na tangu siku hiyo ukoko alimwachia Duyen aukwangue mwenyewe.

Mwaka uliofuata alichumbiwa na Luong, kijana mpole wa Go Gao, nusu siku kwa miguu. Asubuhi ya arusi, wakati watu wamekazana na mapambo, aliingiza mkono kwenye tundu lake, akavuta konzi moja ya beo, akaifunga katika jani la yungiyungi na kuificha kifuani. Ndivyo alivyoingia nyumbani kwa mume, maji yanamchuruzika chini ya nguo ya arusi.

Baridi ile beo ilishamiri katika kidimbwi cha ukweni. Mama mkwe alizunguka kijiji kizima akijitapa kuwa nyumba yake imeoa Ben Say. Mwezi wa tano beo ikaanza kuwa nyekundu kama kutu. Thoa aliitia jivu. Aliichapa kwa ufagio, chap, chap, kama alivyosikia. Aliijengea kivuli cha mkeka. Mwezi wa sita ikawa ute mweusi, na juu ya ute viwavi.

"Tulidhani tumeoa Ben Say," mama mkwe alisema mbele ya majirani. "Kumbe tumeoa jina tu."

Basi kila mwanzo wa baridi ikawa lazima Thoa abebe mzega na kwenda kununua mbegu nyumbani kwao alikozaliwa, apange foleni na wageni. Na aliyepima alikuwa Duyen.

"Wifi! Karibu jamani. Umetembea na baridi yote hii? Kaa, unywe chai kwanza."

"Sikai. Nipimie niondoke."

Duyen alijaza vikapu, akavishindilia, kisha akaongeza konzi mbili juu. "Hizi ni zangu kwako. Usimwambie mama."

Konzi zile mbili zilimchoma Thoa kuliko lolote. Angetukanwa angejua la kujibu. Lakini kupewa sadaka ya kitu cha baba yake, na mtu aliyeingia nyumba ile na furushi moja la nguo! Njiani alizitoa zile konzi akazitupa mferejini. Kisha akarudi hatua tano, akachutama, akaziokota.

Mwaka wa nne wa ndoa yake, katikati ya mwezi wa sita, ilifika siku ya kumkumbuka marehemu baba yake, na watoto wote wakaenda Ben Say kufukiza ubani. Alfajiri kabla ya safari Thoa alishuka kidimbwini kwake, pale beo yake ya mwaka ule ilipokuwa inaoza kama ya miaka yote. Aliokota viwavi vya kijani, kila kimoja kama punje ya mchele. Akavijaza katika jani la yungiyungi, akalifunga kwa uzi wa buluu kutoka kikapu chake cha kushonea. Hakujiambia anafanya nini. Mikono ilijua.

Watu walipokuwa wamesimama mbele ya picha ya marehemu, moshi wa ubani umejaa sebuleni, yeye alisema anakwenda kutazama sufuria. Alipita nyuma ya mgomba. Tundu lilikuwepo bado. Alilipasua jani bila kulifungua, akamwaga viwavi vyote ndani, akatupa na jani, akarudi akapika mchuzi, na kila mtu akausifu.

Siku kumi baadaye habari zilifika Go Gao: beo ya Mama Khiem imeliwa. Thoa alijifunga kilemba akaenda kutoa pole. Hata njiani moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayekwenda sherehe.

Uzio ulikuwa wazi, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mama yake alikuwa amesimama juani, anapiga kelele.

"Mikono yako ya kuunguza wali! Miaka thelathini mimi sijapoteza hata jaruba moja. Wewe umepoteza yote manne! Ulikuwa unalala?"

"Sikulala, mama."

"Lete ufunguo. Lete hapa!"

Duyen alikuwa na mimba ya miezi saba. Alivua ufunguo shingoni akautoa, kisha akaingia tena majini, akainama juu ya tumbo lake, akaendelea kuokota viwavi kimoja kimoja na kuvitia bakulini. Khiem alisimama kando, uso umeiva kwa aibu, hasemi la kumtetea mkewe.

Thoa akaona nafasi yake imefika. Alikunja suruali, akaweka mguu mmoja majini. "Mama, niache nikusaidie mimi."

Mama yake aligeuka. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Toka juani, Thoa. Mgeni hafanyi kazi."

Mgeni! Thoa aliutoa mguu majini.

Mama Khiem aliingia majini mwenyewe. Siku tatu, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, alifanya kazi katika joto lile, mwanamke wa miaka sitini, hataki kuambiwa kitu. Siku ya tatu adhuhuri alianguka. Walipomnyanyua, mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa, na ulimi haukutoa tena neno linaloeleweka. Beo iliyobaki ilikuwa ile tu ambayo Duyen aliitenga mapema katika beseni la udongo kivulini pa kisima, bila kumwambia mtu, na ndiyo iliyozaa mbegu ya baridi ile.

Mama aliishi hivyo miaka miwili. Thoa alikwenda kila alipoweza, na kila mara alimkuta Duyen anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta kidevu, mtoto mchanga mgongoni. Siku moja Duyen aliinuka kwenda kuchukua maji, na mkono wa kushoto wa mama ukarukia upindo wa nguo yake, ukaushika, ukakataa kuuachia. Thoa alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, karibu zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa chanzo cha yote yale, na alilijua hilo kila alipofumba macho. Hata hivyo kilichomuuma saa ile, aibu iliyoje, kilikuwa mkono ule na upindo wa nguo. Alitamani ashikwe yeye.

Mama Khiem alizikwa wakati mpunga unachanua. Mwaka uliofuata ardhi yote ikaingizwa katika ushirika, na ndugu mmoja wa kituo cha kilimo, mwanamke wa nywele fupi aliyeitwa Hoai, akafika Ben Say na baiskeli. Aliziita zile nyumba tano. Alisema nchi inahitaji mpunga, mbolea ya dukani haipo, na siri ya beo haiwezi kubaki nyuma ya uzio wa watu wachache. Wazee walitazama chini. Mmoja alikohoa. Duyen akasimama.

"Mimi nitafundisha."

"Mama angekulaani!" Khiem alimwambia hapohapo mbele za watu.

"Alishanilaani," Duyen alijibu.

Na kijiji cha kwanza alichopelekwa kilikuwa Go Gao.

Walikusanyika kwenye uwanja wa kupuria mpunga, watu zaidi ya mia. Thoa alikaa safu ya tatu, katikati ya majirani waliokuwa wanamgonga viwiko. "Si wifi yako huyu? Kumbe anajua kusema!" Duyen alisema kwa sauti ndogo lakini bila kukwama. Alieleza yote: maji yawe ya kina cha vidole viwili na yasisimame, jivu litiwe umande ungalipo, beo ichapwe ili ikatike na kujigawa, ila wakati wa joto usiiache ikabanana, uipunguze kila siku chache hata kama roho inakuuma, maji ya majani ya tumbaku kwa viwavi. Thoa alisikiliza, na kila neno alilijua nusu. Jivu alijua. Kuchapa alijua. Kupunguza hakujua. Miaka yote aliogopa kutoa hata kijimea kimoja, na kumbe kubanana ndiko kulikomuulia beo. Jambo dogo hivyo! Alitaka kucheka na alitaka kumrushia mtu kitu.

Kisha ndugu Hoai akafungua sanduku la mbao akatoa hadubini, akaiweka juu ya meza. Aliweka chini yake jani moja la beo alilokuwa amelipasua.

"Mmefundishwa kuitunza," alisema. "Sasa mwone ni nani anayefanya kazi. Beo yenyewe haiwezi kuulisha mpunga. Ndani ya kila jani mna kijumba, na ndani ya kijumba wanakaa bakteria. Hao ndio wanaokamata naitrojeni hewani na kuigeuza chakula. Beo inawapa nyumba, wao wanailisha. Ikifa, chakula kinabaki kwa mpunga."

Watu walipanga foleni. Mzee mmoja alitazama, akauliza kama wanauma. Mama mkwe wa Thoa alisema haoni kitu ila kope zake mwenyewe. Thoa alikuwa ameapa hatatazama, lakini foleni ilimsukuma, akajikuta jicho lake liko juu ya kioo.

Aliona nyuzi za shanga. Shanga za kijani, ndogo, zimepangana moja baada ya moja, nyuzi juu ya nyuzi, na hapa na pale shanga moja kubwa kuliko wenzake. Hazikuwa zinafanya lolote. Zimekaa tu ndani ya nyumba yao.

"Nani anawaingiza humo?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna. Beo inapojigawa, kila kipande kinaondoka nao. Kinazaliwa nao."

"Kila kipande? Hakuna kinachonyimwa?"

"Hata kimoja, dada."

Watu nyuma walikuwa wanalalamika kwamba anachelewesha. Thoa aliinuka, akapita katikati yao, akaenda kusimama ukutani mpaka mkutano ukaisha. Mwenyekiti wa ushirika alimpa Duyen kofia mpya ya majani na kikombe cha bati chenye maua, watu wakapiga makofi. Thoa hakupiga.

Lakini alasiri alipoona Duyen anaondoka peke yake kwenda kivukoni, alimfuata, akamnyang'anya kikapu akakibeba yeye. Walifuata tuta kati ya majaruba.

"Wifi," Thoa alisema mwishowe. "Wale viwavi, mwaka ule..."

"Uzi wa buluu," alisema Duyen.

Thoa alisimama.

"Jani nililiokota asubuhi ya pili yake, limekwama kwenye mianzi. Lina mafundo mawili, moja juu ya jingine, kama unavyofunga mikate ya wali ya mwaka mpya wa Tet. Nani mwingine anafunga hivyo?"

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Neno la binti wa nyumba na neno la mkwe aliyeunguza wali, wewe ungechukua lipi?" Duyen hakupandisha sauti. "Na nilishakuzoea, Thoa. Jicho lako lilikuwa kwenye lile tundu tangu zamani. Nilikuwa naliona."

"Nilikuonea wivu," Thoa alisema. "Mama alikucheka... alicheka na wewe."

"Na mimi je? Unajua siku niliyopewa ufunguo niliapishwa nini mbele ya wahenga wenu? Nisikanyage kwetu tena, nisije nikamnong'oneza mama yangu. Ng'ambo ya mto tu pale! Nilikuwa nauona moshi wa jiko lake. Alipokufa niliambiwa wameshamzika." Alivua ile kofia mpya, akaitazama, akaivaa tena. "Wewe ulikuwa unakuja na mzega kila mwaka umenuna, unapata kumwona mama yako. Mimi nilikuwa nakuonea wivu mpaka naona aibu, nakuzidishia konzi."

Thoa akaanza kulia. Duyen alimwachia alie kidogo, kisha akamkatiza.

"Machozi sitaki. Nataka kitu kimoja. Mama yako amekufa akiamini ni uzembe wangu, na mume wangu anaamini mpaka leo. Mama hatumpati. Khiem yupo. Ukamwambie, kwa mdomo wako."

"Ataniua."

"Hatakuua," alisema Duyen, akachukua kikapu chake, akaingia kivukoni bila kuaga.

Ilimchukua Thoa miezi minne. Alimwambia kaka yake siku ya kumkumbuka baba, chakula kimeshatengwa, samaki na biringanya za chumvi, watoto wamekaa. Alisema yote: tundu, jani, viwavi. Khiem alisikiliza na vijiti vyake mkononi. Alivilaza mezani taratibu, akatoka nje. Alipozungumza alikuwa nje ya mlango, amewapa mgongo.

"Kula umalize, uende. Usirudi mpaka nikuite."

Hakumwita kwa miaka mitatu. Lakini usiku huohuo, kama Duyen alivyosimulia baadaye, alimletea mkewe maji ya moto ya kunawa miguu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akakaa chini miguuni pake.

Kiangazi kilichofuata ushirika wa Go Gao ulimteua Thoa kusimamia beo, kwa sababu ni wa Ben Say, na mara hii jina halikutosha. Mwezi wa sita ulipoingia jaruba la pembeni lilianza kugeuka rangi. Alipunguza, alitia jivu, na bado. Mwenyekiti akasema, "Tumwite Bi Duyen," na Thoa, pamoja na yote yaliyopita, alihisi kitu kile cha zamani kikirudi. Miaka yote wataitwa wao wawili, na wa pili atakuwa yeye. Hata hivyo alitwaa karatasi akaandika barua ya kumwita.

Duyen alifika kesho yake na mwavuli uliotobokatoboka. Hakuuliza habari za nyumbani. Alivua ndala, akashuka majini, akateka maji kwa kiganja na kuyapeleka puani. Akasogea hatua tatu, akanusa tena.

"Hapa," alisema. "Mfereji wenu umeziba huku. Maji haya yamelala."

"Umejuaje kwa kunusa?" Thoa aliuliza, na wivu ulikuwa wazi katika sauti yake, hata yeye aliusikia. "Hiyo hukuisema kwenye mkutano. Hiyo umeificha."

"Sikuificha. Sijui namna ya kuisema." Duyen alimtazama, akasogea pembeni kumpisha. "Inama, wifi. Nusa mwenyewe."

Thoa alikunja suruali, akaingia majini, akainama.